Ukishuka Makumbusho, shuka na bibi yako

Makonda wa daladala za Dar es Salaam hulitaja neno makumbusho mara nyingi kwa siku kuliko mwalimu yeyote wa historia. "Makumbusho, Makumbusho, wa Makumbusho twende!" Watu wanapanda, wanashuka, wananunua mahindi ya kuchoma na chaja za simu, kisha wanaunganisha gari jingine. Wachache hujiuliza hayo makumbusho yenyewe yako wapi. Mimi sikuwahi kujiuliza. Nimepita pale miaka yote ya chuo na miaka mitano ya kazi, na ukuta ule wa kando ya barabara niliuona kama ukuta mwingine wowote wa taasisi ya serikali.

Aliyenifanya niingie ni bibi yangu, mzaa mama, na hata yeye hakuomba kupelekwa huko.

Bibi alikuja Dar kutoka Kongwa, mkoani Dodoma, kutibiwa jicho. Nasema jicho na si macho, kwa sababu la kushoto lilishakufa zamani, lina kovu jeupe katikati kama tone la maziwa. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na daktari alisema likifanyiwa upasuaji litaona. Siku ya kwanza walipompima presha ikawa juu. Akapewa dawa na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili. Utaratibu huo ni wa kawaida na una sababu zake, lakini jaribu kumweleza mama wa miaka sabini na kitu aliyezoea kuamka alfajiri akaenda shamba, kwamba wiki mbili hizo atazimaliza kwenye kochi la sebuleni, ghorofa ya pili, huku watoto wanaangalia katuni.

Siku ya nne aliniuliza, "Nyumba gani hii haina nje?"

Nilidhani anatania. Nikamwonyesha kibaraza chenye ndoo za kufulia. Akakipapasa kwa mkono, akagusa nondo, akarudi kukaa.

Jumamosi iliyofuata nikawachukua wote watatu: Bibi, binti yangu wa miaka mitano, na mpwa wangu wa miaka tisa ambaye yuko kwetu likizo. Nilitafuta mahali penye miti, pasipo na ngazi, pasipo na muziki wa kupasua masikio, na ambapo nisingemaliza mshahara. Rafiki yangu wa kazini akasema, "Si uende pale Makumbusho?" Nikamwambia stendi? Akacheka.

Basi, mzazi mwenzangu, kama na wewe ulikuwa hujui, Kijiji cha Makumbusho kipo palepale, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kama kilomita 10 kutoka katikati ya jiji. Kilianzishwa mwaka 1966, miaka mitano baada ya Uhuru, na ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Hakuna jengo kubwa lenye makabati ya vioo. Ni uwanja wenye miti mikubwa, na chini ya miti hiyo zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, kila moja kwa namna ya kwao na ikiwa na vyombo vyake ndani. Unatembea dakika mbili unatoka Kilimanjaro unaingia Kagera, unapinda kona uko Pwani. Ukiinua macho juu ya mapaa ya nyasi unaona maghorofa ya vioo upande wa barabara, na honi za bodaboda zinasikika muda wote.

Wazo la namna hii si letu peke yetu. Skansen, pale Stockholm nchini Sweden, ilifunguliwa mwaka 1891 kwa kukusanya nyumba za kale uwanjani, na majirani zetu wana Bomas of Kenya kule Nairobi. Tofauti niliyoiona siku ile ni kwamba kwetu sisi baadhi ya watu waliozaliwa ndani ya nyumba za aina hii bado wako hai. Wengine wamekaa kwenye makochi yetu, tunawabadilishia chaneli.

Tulianza na msonge wa Wachaga kwa sababu ndio uliowavuta watoto. Umesimama kama kichuguu kikubwa cha nyasi na mlango ni mfupi, mtu mzima lazima ainame. Mpwa wangu aliingia kwanza, akatoka mbio, akaingia tena. Ndani ni giza, na hilo giza ndilo somo lenyewe: watu upande huu, ng'ombe upande ule, moto katikati. Kule mlimani baridi ni kali na ardhi ni ya migomba, hivyo ng'ombe alifungiwa ndani, akaletewa majani, akalinda joto la nyumba, na samadi yake ikarudi mgombani.

"Ng'ombe analala chumbani?" binti yangu aliuliza.

"Na wewe je, si paka analala kitandani kwako?" Bibi alimjibu.

Msonge wa Wahaya nao ni wa nyasi, mkubwa, na watoto hawakuona tofauti mpaka walipoambiwa wautazame kwa makini. Nyumba ya Wazaramo ina pembe nne, kuta za fito na udongo na paa la makuti, na mpwa wangu akasema inafanana na ya jirani yetu wa zamani kule Mbagala kabla hajaweka bati. Alikuwa sahihi kabisa. Ya Wanyakyusa ilinipendeza mimi zaidi kwa ukuta wake wa mianzi. Nilipiga picha nyingi pale, hata moja haikutoka vizuri kwa sababu kuna mtu alikuwa anavuta sketi yangu akitaka juisi.

Bibi alitembea nasi kwa fimbo, mkono mwingine begani kwa mpwa wangu. Kila nyumba alisimama nje, akasikiliza maelezo, akasema "Haya," akaendelea. Sikujua kama anafurahia au ananivumilia. Kwa jicho lile lenye ukungu alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi.

Halafu tukafika kwenye tembe.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuliona: tembe ni nyumba ya Kanda ya Kati na Nyanda za Juu, Wagogo wanayo na majirani zao Wahehe wanayo. Ni ndefu, fupi kwa kimo, na paa lake ni bapa. Nguzo za miti husimikwa, juu yake hulazwa boriti, juu ya boriti fito na matawi na majani, na juu ya yote hayo hushindiliwa udongo. Ukuta hukandikwa kwa udongo pia. Nyumba ikikamilika huzunguka uwanja wa katikati ambako mifugo hulala. Ukiwa mbali, hasa kiangazi, unaweza usiione kabisa, maana rangi yake ni ile ile ya ardhi.

Bibi hakungoja kusomewa kibao. Sijui ni harufu ya udongo au ni kile kivuli kirefu kisicho na ncha juu. Aliondoa mkono begani kwa mtoto, akapiga hatua tatu peke yake, akaweka kiganja ukutani.

Nilitaka kumzuia. Nimekua nikijua kwamba makumbusho ni mahali pa kutazama tu. Kijana aliyekuwa akitutembeza akaniashiria, mwache mama.

Akautembelea ukuta kwa kiganja mpaka mlangoni. Akainama bila kuambiwa mlango ni mfupi. Mimi niliyeambiwa, niligonga kichwa.

Ndani alikaa chini. Hakutafuta kigoda, alikaa sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, kama ambavyo sijawahi kumwona akikaa tangu afike Dar. Akanyoosha mkono kulia, akakuta jiwe la kusagia. Akalipapasa shimo lake, akaokota jiwe dogo la juu, akalisukuma mara mbili bila nafaka. Lile sauti la jiwe juu ya jiwe liliwanyamazisha watoto wote wawili, na mimi nikawasahau watu waliokuwa wanasubiri mlangoni.

"Langu nililiacha," alisema.

Hadithi hii sikuwahi kuisikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na Operesheni Dodoma. Watu waliokuwa wakiishi kwenye kaya zilizotawanyika walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, wakae pamoja, karibu na shule, zahanati na maji. Sisi tuliisoma darasani kwa mistari minne, tukajibu swali la mtihani, tukaenda likizo. Bibi wakati huo alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na huyo wa tumboni ndiye mama yangu. Alibeba chungu, vibuyu na ngozi ya kulalia. Jiwe lilikuwa zito. Mama mkwe wake akamwambia aliache, mawe yapo kila mahali.

"Yapo," Bibi alisema. "Lakini lile lilishauzoea mkono wangu."

Tembe lenyewe waliliacha wima. Alirudi kulitazama msimu mmoja baadaye, akakuta mvua imelala ndani. Alieleza kwamba paa la udongo halitaki kuachwa hata mwaka mmoja: kila kabla ya mvua mtu hupanda juu, huziba nyufa, hushindilia upya. Nikaelewa kwa nini nyumba za pale Makumbusho zinahitaji kutunzwa kila mara. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Tembe ni nyumba ya nchi kavu, na kuijenga Dar ni kama kumwambia ngamia aogelee. Hapo bado sijataja mchwa.

Nikiwa mwandishi wa habari za afya, nilikuwa tayari na hotuba yangu kichwani. Nyumba haina madirisha ya maana, moto unawaka ndani, ndama na mbuzi wako karibu, nzi wamejaa: hatari, hatari, hatari. Nilianza kuwaeleza watoto, tena kwa sauti ya mwalimu. Bibi akanikatiza. Akauliza moshi uko wapi. Akapapasa nguzo na kunusa vidole. Nguzo ilikuwa safi, haikuwa na masizi ya kutosha kumridhisha. "Hii nyumba haijapikiwa," alisema. Kwao, juu ya moto kulining'inizwa mbegu za msimu ujao, maana moshi huwafukuza wadudu. Miti ya paa iliyokolea moshi mchwa hawaigusi haraka. Ndani ya tembe mchana kuna ubaridi, usiku kuna joto, na upepo wa Ugogo, ambao anayeujua anaujua, hupita juu ya paa bila kung'oa kitu. Juu ya paa walianika mtama, uwele, na mbegu za maboga. Watoto walipanda huko kufukuza ndege.

"Na huko juu ndiko kulikuwa nje," alimwambia binti yangu. Nikakumbuka kibaraza changu na ndoo zake.

Moshi ulikuwa na gharama, hilo hakulikataa. Alikohoa miaka mingi. Lakini alinigeuzia kibao kwa swali moja: mbona mlipofunga milango wakati wa mvua, msichana wa kazi wa jirani yenu aliingiza jiko la mkaa ndani? Ni kweli, alituhadithia yule jirani mwenyewe. Nami nakuambia mzazi mwenzangu bila kupepesa: chumba cha vigae chenye madirisha ya alumini yaliyofungwa, na jiko la mkaa linalowaka, ni hatari kuliko tembe lolote. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Tembe lilikuwa linavuja hewa kila upande. Vyumba vyetu havivuji.

Ndipo binti yangu akauliza lile ambalo sisi watu wazima wa familia yetu hatujawahi kuuliza. Alikuwa amesimama mbele ya Bibi, nyuso zao zimelingana, kwa kuwa Bibi amekaa chini.

"Bibi, jicho lako hili nani aliliharibu?"

Nyumbani kwetu jibu linajulikana: moshi. Jicho la Bibi liliharibiwa na moshi. Nimekua na jibu hilo, na sikuwahi kulitilia shaka hata baada ya kuandika habari tatu, nimezihesabu, kuhusu ugonjwa wa vikope. Katika habari hizo niliandika jina la kitaalamu, trakoma. Niliandika kwamba husababishwa na bakteria, kwamba Kongwa ni miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa ugonjwa huu, kwamba huenezwa kwa mikono, kwa vitambaa na kwa nzi watuao kwenye nyuso za watoto. Nilimhoji daktari na ofisa wa halmashauri. Bibi yangu wa Kongwa sikumpigia hata simu.

Bibi alichukua pindo la khanga yake. Akamwonyesha mtoto. Akasema walikuwa watoto saba ndani ya nyumba. Maji yalikuwa mbali, kwenye makorongo, wanachimba mchanga mpaka yatokeze, na mtungi mmoja ulikuwa wa kupikia na kunywa. Kuosha uso wa mtoto kwa maji yale kulionekana kama kuyamwaga. Asubuhi mama yake alikaa mlangoni, hapa, akapiga sakafu kwa kiganja kuonyesha, akawaita mmoja mmoja, akawafuta tongotongo kwa pindo la nguo yake. Wa kwanza mpaka wa saba. Pindo lile lile.

Binti yangu alifikiri. Ana miaka mitano na anapenda mambo yaende kwa mstari.

"Kwa hiyo mama yako ndiye aliyekuumiza?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Yule kijana mwongozaji aliangalia paa.

"Mama yangu ndiye aliyekuwa ananifuta," Bibi alisema. "Asingenifuta yeye, angenifuta nani?"

Akaendelea kama anayesimulia ya mtu mwingine. Vikope humrudia mtoto tena na tena. Kila mara ndani ya kope hubaki kovu, na makovu yakizidi kope hujikunja kwa ndani, nywele zake zikawa zinakwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Alipofika umri wa kuzaa tayari alikuwa anazing'oa kwa kibano cha chuma alichofuliwa na mhunzi. Alikivaa shingoni kwa kamba. Wanawake wengi walikuwa navyo. Walikaa kivulini mchana, mmoja analaza kichwa mapajani kwa mwenzake, mwenzake anang'oa. Picha hiyo mama yangu anaikumbuka utotoni mwake, niliporudi nyumbani nikampigia simu, akasema, "Ndiyo, walikuwa wanatafutana chawa." Hakuwa na habari kuwa ni kope.

Bibi alikuja kufanyiwa upasuaji wa kope wakati mama ameshaolewa, timu ya macho ilipofika kijijini. La kulia likaokoka. La kushoto lilikuwa limeshachelewa.

Wataalamu huongelea hatua nne za kupambana na vikope: upasuaji kwa walioathirika, dawa ya antibiotiki kwa jamii nzima, kuosha nyuso, na kuboresha mazingira, yaani maji na vyoo. Mbili za mwisho ndizo Bibi alizozieleza kwa pindo la khanga. Na kuna jambo jingine nililowahi kuandika bila kulielewa: wanawake hupofuka kwa ugonjwa huu zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto wadogo wenye maambukizi. Niliandika "kutokana na majukumu ya malezi". Ndivyo tunavyoandika. Majukumu ya malezi ni yule mama mlangoni na pindo lake, ambaye Bibi anasema naye alikufa haoni.

Tulipotoka kwenye tembe mpwa wangu, ambaye alikuwa kimya muda wote, aliuliza kama ugonjwa huo bado upo. Nikamwambia umepungua sana lakini haujaisha kila mahali, na kwamba hapa Dar tuna mengine yanayopita njia ile ile. Mwanzoni mwa mwaka 2024, macho mekundu yalipoenea jijini, darasa lao liliugua karibu nusu. Huo ulikuwa ugonjwa wa virusi, si vikope, na haupofushi kwa namna ile, ila ulipita kwa mikono na taulo. Nyumbani kwangu wakati huo taulo la uso lilikuwa moja, limetundikwa nyuma ya mlango wa bafu, na maji yanatoka bombani. Sasa yapo manne, kila moja na rangi yake. Jambo dogo, bei ya soda chache.

Mchana tulikaa chini ya mti, tukala tulichobeba. Kwa anayepanga kwenda: nendeni asubuhi kama mna mzee au mtoto mdogo, jua la saa sita halina huruma hata penye miti. Vaeni viatu vya kufunika vidole. Bebeni maji, na dawa ya kupaka ya mbu kwa watoto. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu mno kuliko cha mgeni, bei mtaikuta getini. Alasiri mara nyingine kuna ngoma, ulizeni mapema. Na tangu mwaka 1994 kumekuwa na utaratibu wa siku za utamaduni, ambapo kabila moja au zaidi hualikwa kuonyesha vyakula, ngoma na mila zake. Ukisikia zamu ya kwenu imefika, mpigie simu shangazi yako kabla hujampigia mpiga picha. Mkichukua mwongozaji mtaona mengi. Hata hivyo mwongozaji bora kuliko wote huenda mnaye nyumbani, na hajui kama ana kazi hiyo.

Sisemi kila mzee atafungua moyo. Mama mkwe wangu, Mchaga wa Rombo, nilimpeleka wiki iliyofuata nikiwa na matumaini makubwa na daftari. Alizunguka msonge mara moja, akasema wao walikuwa na nyumba ya bati tangu yeye mtoto, akauliza choo kiko wapi. Ikawa imekwisha. Tulikula chipsi tukarudi.

Jambo moja bado linanisumbua. Watoto wangu hawajui Kigogo. Mimi mwenyewe najua salamu, najua kusema "Mbukwenyi" nikiingia msibani, na majina ya mboga tatu nne, mlenda ukiwa wa kwanza. Bibi aliwasimulia kwa Kiswahili, na mara kadhaa alisimama katikati ya sentensi akitafuta neno, akalisema kwa Kigogo, akatazama upande wangu. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Hakuona kwamba natikisa, kwa hiyo sijui nilikuwa namdanganya nani. Maneno hayo, majina ya vyumba vya tembe na ya fito za paa, yalianguka pale chini na sikuyaokota. Mpwa wangu anasema anakumbuka moja. Kila akilisema, Bibi anacheka na kusema si hilo.

Upasuaji ulifanyika Alhamisi iliyofuata, presha ikiwa imeshuka. Siku ya pili walitoa kile kifuniko cha jicho. Muuguzi aliinua vidole akauliza ni vingapi, Bibi akasema viwili, halafu akamwambia muuguzi kwamba kitambulisho chake kimegeuka. Mimi akaniambia nimekonda. Tulipofika nyumbani alisimama sebuleni, akatazama dari pole pole kutoka kona hadi kona, akasema kuna utando wa buibui, na kwamba alidhani rangi ya ukuta ni nyeupe kumbe ni ya maziwa.

Jioni aliniuliza tutarudi lini kule. Nikadhani anasema hospitali.

"Kwenye tembe," alisema. "Paa sikuliona. Nataka nione kama wamelishindilia sawasawa."

Tumekubaliana Jumamosi ya wiki ijayo, daktari akisharuhusu vumbi. Jana amemtuma mpwa wangu sokoni kununua boga. Mbegu ameshaziosha, ziko kwenye ungo kibarazani, juu ya ndoo za kufulia, na amesema zikikauka atakwenda nazo. Nimemwambia sidhani kama watamruhusu kuanika kitu juu ya paa la serikali. Anasema atamuuliza yule kijana.